Daktari Aliyeomba Siku Chache

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa tiba ya meno mliojibana huko nyuma kwa sababu viti vya mbele mnaviogopa kama wagonjwa wanavyokiogopa kiti chetu, na wageni wote: asanteni kwa kuja.

Mwezi Novemba 1942, mjini Amsterdam, daktari wa meno wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 53 aliletewa habari kwamba amepatiwa maficho. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameikalia Uholanzi kwa miaka miwili na nusu. Tangu Julai mwaka huo treni zilikuwa zikiwapeleka Wayahudi mashariki, na hakuna aliyekuwa akirudi. Watu walifuatwa majumbani usiku, mlango kwa mlango. Daktari huyu alikuwa ameomba maficho yeye mwenyewe, na sasa yamepatikana. Anatakiwa aje upesi, ikiwezekana Jumamosi.

Akaomba siku chache. Alisema kadi za wagonjwa wake hazijakaa sawa, kuna wagonjwa wawili anataka kuwamaliza, na kuna hesabu za fedha hajazifunga.

Waliokuwa wakimsubiri mafichoni waliona huo ni upungufu wa akili. Msichana mmoja wa miaka 13 aliyekuwa humo aliandika waziwazi kwamba jambo hilo halimwingii akilini: akikamatwa barabarani, hizo kadi atazipanga saa ngapi? Ni swali zuri, na mtoto yule alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini ninyi wanafunzi mliokwisha kushika wagonjwa, niambieni. Umemfungua mtu jino, umeliziba kwa muda, umemwambia arudi wiki ijayo. Huyo utamwacha hivyohivyo? Tena tangu 1941 daktari Myahudi huko Uholanzi alikatazwa kumtibu mtu asiye Myahudi, kwa hiyo yaelekea wagonjwa wale wawili walikuwa Wayahudi wenzake, watu ambao milango ilikuwa ikifungwa mbele yao mmoja baada ya mwingine. Daktari akawamaliza, akafunga hesabu zake, ndipo akaja.

Jina lake ni Fritz Pfeffer. Msichana yule ni Anne Frank. Wengi wenu mmewahi kusikia juu ya shajara yake, ile aliyoiandika akiwa amefichwa pamoja na wazazi wake, dada yake Margot, na familia nyingine ya watu watatu katika jengo la nyuma la Prinsengracht namba 263. Pfeffer alikuwa mtu wa nane. Kwa kuwa alilala chumba kimoja na Anne, dunia imemjua kwa kalamu ya Anne, na kalamu hiyo haikumpenda. Mle ndani anaitwa Albert Dussel. Jina la Dussel, kwa mwenye kujua Kijerumani, ni la mtu mpumbavu. Leo nataka nimzungumzie kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1889 katika mji wa Giessen, mmoja wa watoto sita. Wazazi wake walikuwa na duka la nguo. Alisomea udaktari wa meno Berlin, akapata kibali cha kazi mwaka 1911, akafungua kliniki hukohuko. Vita vya Kwanza vilipokuja aliitumikia Ujerumani jeshini, kama walivyofanya maelfu ya Wayahudi wa Ujerumani. Alipenda farasi na kupiga makasia. Picha zake za wakati huo zinaonyesha mtu aliyenyooka, nguo safi, uso wenye afya. Sisemi hayo kwa kumpamba. Msomaji wa shajara hubaki na picha ya kizee kilichokunjamana kinachonung'unika kitandani, na mtu aliyeingia mafichoni hakuwa huyo.

Mwaka 1926 alimwoa Vera Bythiner, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Werner. Ndoa haikudumu. Walipoachana, mtoto alibaki kwa baba. Hapa ningependa tutulie kidogo. Ni Berlin, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwanamume mwenye kliniki inayomtaka tangu asubuhi analea mtoto wa miaka mitano au sita peke yake. Hata leo, katika ukumbi huu, mkisikia baba wa namna hiyo mtauliza mama mtu yuko wapi, shangazi wako wapi. Pfeffer alimlea Werner hadi siku alipolazimika kumtoa mikononi mwake.

Halafu wakaja Wanazi. Hawakuanza na kambi, walianza na kazi za watu. Mwaka 1933 ndipo madaktari Wayahudi walipoanza kuondolewa kwenye mifuko ya bima ya afya. Ninyi mnaofanya kazi na bima mnajua maana yake: mgonjwa anakupenda, lakini ukimtibu halipiwi, kwa hiyo atakwenda kwa mwingine. Mwaka 1935 zikaja Sheria za Nuremberg zilizokataza ndoa kati ya Myahudi na asiye Myahudi. Na tarehe 31 Januari 1939, kwa amri ya serikali, vibali vya madaktari wa meno Wayahudi vikafa vyote kwa siku moja. Uzoefu wa miaka 20 au 30, karatasi moja ikaufuta.

Nikiwa bado Berlin niruhusuni nichepuke kidogo. Kulikuwa na daktari mwingine wa meno Myahudi katika mji huohuo, Hans Sachs. Huyu alikuwa na wazimu wa mabango: matangazo ya biashara, ya maonyesho, ya siasa. Alikusanya yapata 12,500. Mwaka 1938 polisi wa siri wakayabeba yote, naye akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alitoka, akafika Marekani na mke wake na mtoto wao mchanga. Alifariki mwaka 1974 bila kuyashika tena mabango yake. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya Ujerumani iliamua kwamba yaliyosalia, zaidi ya 4,000, ni mali ya mwanawe. Namtaja kwa sababu watu hawa wawili walikuwa na taaluma moja, mji mmoja na adui mmoja. Mmoja alivuka bahari, mwingine alivuka mpaka tu.

Pfeffer alikuwa amekutana na Charlotte Kaletta. Charlotte alikuwa Mkristo, kijana kwake kwa zaidi ya miaka 20, naye pia alikuwa ametoka katika ndoa iliyovunjika. Walipendana, wakaishi pamoja, wakataka kuoana, sheria ikawakatalia. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto nchi nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa vioo, wanaume kwa maelfu wakakamatwa. Baada ya usiku huo Pfeffer alifanya jambo ambalo mimi kama mzazi sijui ningelifanyaje: alimpeleka Werner Uingereza, kwa ndugu yake aliyekuwa London. Mtoto alikuwa na miaka 11. Uingereza ilikuwa imekubali kuwapokea watoto bila wazazi, na kwa safari hizo walifika karibu watoto 10,000. Baba na mtoto hawakuonana tena.

Mwezi Desemba yeye na Charlotte wakaingia Uholanzi. Huko cheti chake cha Ujerumani hakikumruhusu kufungua kliniki yake, lakini alifanya kazi katika kliniki ya daktari mwenzake, na wagonjwa wakampenda. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyefanya kazi katika kampuni ya Otto Frank, Miep Gies. Mwaka 1942 mambo yalipokuwa mabaya, ni huyohuyo mgonjwa wake ambaye Pfeffer alimwuliza kama anajua mahali pa kujificha. Hakujua kwamba Miep alikuwa tayari anaficha watu saba. Miep akaenda kuzungumza na Otto, na Otto akasema panapoliwa na saba wanane watashiba. Hayo ni maneno yangu, lakini uamuzi ulikuwa huo. (Kicheko.)

Siku ya kuingia, daktari alisubiri mbele ya posta kama alivyoelekezwa, akafuatwa na mtu mmoja wa kampuni ile, akapelekwa hadi ofisini. Alipopandishwa ngazi na kuingia jengo la nyuma, akawakuta akina Frank wameketi mezani. Alibaki mdomo wazi. Mjini kote habari ilikuwa kwamba Frank na familia yake walikwisha kutorokea nje ya nchi. Kumbe walikuwa hatua chache kutoka barabarani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pfeffer alikuja na jembe lake. Alikuwa na baadhi ya vifaa vya kazi, na haukupita mwezi akawa amefungua kliniki. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama wa ile familia ya pili, bibi mwenye sauti, na Anne ametuachia maelezo ambayo kila mwanafunzi hapa angefaa ayasome kabla ya mtihani wa vitendo. Dawa ya kuulia vijidudu haikuwepo, akatumia manukato ya kolonya. Nta haikuwepo, akatumia vaselini. Akaanza kuchokonoa jino, bibi akapiga mayowe, akatupa mikono huku na huku, na kwa kutupa mikono kule akakisukumia kile chombo ndani zaidi, kikanasa kwenye jino. Mnajua daktari alifanya nini? Aliweka mikono kiunoni akasimama akimtazama. Wenzake wote wakacheka. Baadaye chombo kikatoka, naye akaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Anne anasimulia kwa kicheko, na mimi nilicheka. Lakini nilipoirudia kwa jicho la kazi niliona mtu asiyeingiwa na hofu. Mgonjwa akihangaika na chombo kiko mdomoni, daktari mchanga hukivuta kwa nguvu, na hapo ndipo jino linapovunjika. Mwenye uzoefu hungoja. Na hapo mayowe yalikuwa hatari ya aina nyingine, maana chini yao kulikuwa na ghala na wafanyakazi ambao hawakutakiwa kujua kwamba juu kuna watu. Katika miaka miwili hiyo watu wanane hawakuweza kwenda hospitali wala kwa mtaalamu yeyote. Kwa meno walikuwa na Pfeffer.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana nisipousema mtasema namtetea. Chumba kilikuwa chembamba. Mzee wa miaka 53 aliyezoea kliniki yake na utaratibu wake amewekwa na msichana wa miaka 13 anayekua. Mzee anaamka mapema, anakoroma, anamnyamazisha mtoto. Mtoto anataka meza. Kulikuwa na meza moja ndogo, na Anne aliomba aachiwe saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki, ili asome na kuandika. Pfeffer akakataa. Akasema kazi yake yeye ni ya maana, na hayo anayofanya mtoto, hadithi za miungu ya kale na kufuma, si kazi. Baba mtu akaingilia kati, na Anne akapata nafasi yake.

Hapo Pfeffer alikosea, na alikosea vibaya. Juu ya meza ile iliandikwa kazi ambayo imesomwa dunia nzima. Lakini hebu tumtazame alikuwa anafanya nini yeye. Alikuwa anajifunza lugha: Kiingereza, Kihispania, Kiholanzi. Anne anasema bila huruma kwamba hakukuwa na maendeleo yoyote ya kuonekana. Kihispania alikitaka kwa sababu ndoto yake ilikuwa Amerika Kusini, yeye na Charlotte, vita vikiisha. Kiingereza sihitaji kueleza. Mtoto wake alikuwa anakulia London. Na alikuwa anaandika barua. Kila aliposhika kalamu, mtoto wa miaka 13 kitanda cha pili aliona mzee mwenye choyo ya meza.

Wale saba wengine walikuwa na mtu wao mle ndani. Mume na mke, mama na binti. Pfeffer peke yake hakuwa na mtu. Charlotte alikuwa mjini humohumo Amsterdam, na hakujua mpenzi wake yuko wapi. Miep ndiye aliyekuwa akienda kwake, anapokea barua, vitabu na vyakula, anapeleka, analeta majibu. Hakutaja mahali. Kwa karibu miaka miwili watu wawili waliopendana waliandikiana wakiwa ndani ya mji mmoja, na barua zikapita mkononi mwa mgonjwa wa meno. Ingekamatwa moja tu, wote wangekwisha.

Na kuhusu dini. Pfeffer alikuwa mcha Mungu. Anne mwenyewe, katika maelezo yake juu ya Jumapili mle ndani, anamwonyesha akisali, akiyumbayumba mbele na nyuma kwa robo saa, na inamchosha kumtazama. Kumbukeni hilo, kwa sababu tutalihitaji sasa hivi.

Tarehe 4 Agosti 1944 polisi waliingia. Wote wanane walipelekwa kambi ya Westerbork, na tarehe 3 Septemba wakapakiwa katika treni ya mwisho iliyotoka hapo kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji huko Poland, treni yenye watu 1,019. Huko Auschwitz taaluma yetu iligeuzwa kitu ambacho ni vigumu kukisema mbele ya wanafunzi. Wafungwa walilazimishwa kung'oa meno ya dhahabu kwenye midomo ya maiti, nayo dhahabu ikayeyushwa kwa faida ya serikali. Niliona nisilifiche. Pfeffer baadaye alihamishiwa kambi ya Neuengamme karibu na Hamburg, na huko alifariki tarehe 20 Desemba 1944, katika chumba cha wagonjwa. Daftari la kambi linataja ugonjwa wa tumbo. Alikuwa na miaka 55. Vera, mama yake Werner, alikuwa amekwisha kuuawa Auschwitz. Kati ya wale wanane alirudi Otto Frank peke yake.

Charlotte alingoja. Alipojua kwamba hakuna tena wa kungojwa, alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa: alikwenda kuomba aandikishwe kuwa mke wa Pfeffer, naye amekwisha kufa, na akakubaliwa, ndoa ikahesabiwa tangu mwaka 1937. Sheria iliyowakatalia wakiwa hai, sheria nyingine ikawaunganisha. Tangu hapo akawa Bibi Pfeffer.

Na Bibi Pfeffer alikuwa na vita vya kupigana. Shajara ilitoka mwaka 1947, ikasambaa. Mwaka 1955 ikafanywa mchezo wa kuigiza mjini New York, na miaka minne baadaye filamu. Huko jukwaani, Dussel si mkorofi tu. Amekuwa mtu asiyejua chochote cha dini yake, mpaka anaelezwa sikukuu ya Hanuka ni nini! Mtu aliyesali hadi akamchosha mwenziwe chumbani. Charlotte aliwaandikia waandishi wa mchezo ule akalalamika. Wakamjibu kwa jinsi watu wa sanaa wanavyojibu: mchezo hauwezi kuwa nakala ya maisha, na walihitaji mtu mmoja jukwaani asiyejua mila ili watazamaji wasio Wayahudi waelezwe kupitia kwake. Maana yake, walihitaji mjinga, wakamchukua marehemu. Mimi hilo siwasamehi. Anne namwelewa kabisa. Alikuwa mtoto amefungiwa, anaandika alichokiona, na mdogo kuliko wote waliokuwa mle. Lakini watu wazima waliokaa New York wakiwa salama, wenye barua ya mjane mezani?

Charlotte hakuridhika hadi mwisho. Uhusiano wake na Otto Frank na Miep ulivunjika kwa sababu hiyohiyo. Alifariki mwaka 1985, na vitu vyake vikatawanyika. Mwaka 1987, kwenye soko la mitumba la Waterlooplein, Amsterdam, zikapatikana picha na barua zake. Ndiyo, sokoni, katikati ya vikombe na nguo kuukuu. Kama mnunuzi angekuwa mtu wa kutafuta fremu tu, leo nisingekuwa na mengi ya kuwaambia. Humo imo barua aliyoiandika Pfeffer siku zilezile za Novemba 1942, kabla hajaingia mafichoni, ya kumuaga Charlotte. Inazungumza juu ya mapenzi, na juu ya kutengana ambako aliamini hakutakuwa kurefu. Anayetaka kumsikia kwa sauti yake mwenyewe aanzie hapo.

Werner alihamia Marekani, akabadili jina akaitwa Peter Pepper, akafanya biashara ya samani za ofisi California. Mwaka 1995, katika filamu ya kumbukumbu iliyotengenezwa juu ya Anne Frank, alikutanishwa na Miep Gies, ambaye wakati huo alikuwa bibi wa miaka 80 na zaidi. Alimshukuru kwa kujaribu kumwokoa baba yake. Alikuwa mgonjwa tayari, na alifariki muda mfupi baadaye.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla hujatoa kipaza sauti, kuna karatasi nimeletewa hapa: mtu anauliza kama si kweli kwamba Pfeffer alikuwa mgumu tu, na kwamba namtengeneza awe mtakatifu. Alikuwa mgumu. Mwenye kumnyima mtoto meza ni mgumu. Lakini nikiwa Myahudi wa Amsterdam mwaka 1942 na jino langu limefunguliwa nusu, ningetaka daktari yule yule. Karibuni kwa maswali mengine. Dada aliye dirishani ndiye wa kwanza.